Kadi hukatwa mtoto akiwa mzima

Mtoto wa chini ya miaka mitano katika nchi yetu hutibiwa bila malipo katika vituo vya afya vya Serikali. Msamaha huo ni wa miaka mingi, unamhusu pia mama mjamzito na mzee asiyejiweza aliyetimiza miaka 60, na ijapokuwa mara nyingine mzazi huambiwa dawa hakuna akanunue nje, wazazi wa Ngara na Biharamulo wanaujua na wanautegemea. Jambo ambalo wengi wetu hatulitafakari ni lile linalotokea siku mtoto huyo anapotimiza miaka mitano. Malaria haipungui kwa sababu ameanza darasa la awali. Minyoo, kichomi, mkono uliovunjika kwa kuanguka kutoka mwembeni, vyote vinabaki palepale; kinachoondoka ni msamaha. Kuanzia hapo mpaka afikishe miaka 18 kuna miaka 13 ambayo kila homa yake ina bei, na bei hiyo hulipwa dirishani, kwa fedha taslimu, kabla ya dawa kutolewa.

Mkoa wetu si wa kuichezea miaka hiyo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba, kwa wastani wa nchi nzima, watoto 8 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano walikutwa na vimelea vya malaria. Kagera ilizidi mara mbili ya wastani huo. Kuna pia selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka hapa Tanzania, na ambao Kanda ya Ziwa inaujua vizuri kwa machungu yake. Mtoto wa selimundu hahitaji kutibiwa mara moja akapona. Anahitaji kliniki, vidonge, kipimo cha damu, na pengine kuongezewa damu usiku wa manane, mwaka hadi mwaka, mpaka awe mtu mzima.

Kazi ya katibu wa msikiti, pamoja na mambo mengine, ni kutunza daftari la michango. Nimekuwa nikilipekua la kwetu. Ukiondoa mabati, mikeka na bili ya umeme, kinachojirudia humo ni michango ya dharura inayotangazwa baada ya sala ya Ijumaa: mtoto wa ndugu yetu fulani amelazwa, imetajwa kiasi fulani, hana. Waumini hutoa. Sijawahi kuona siku waliyokataa kutoa, na Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Lakini ukisoma umri wa wagonjwa hao utaona kwamba wengi ni wa darasa la pili, la tano, kidato cha kwanza. Ni wale wale walioanguka katika pengo la miaka 13. Na ukisoma kiasi kilichokusanywa utaona jambo jingine: mchango wa Sh 90,000 uliomtoa mtoto mmoja wodini ungetosha kukata kadi za kaya tatu kwa mwaka mzima, endapo tungeukusanya kabla ya ugonjwa. Tunatoa fedha ile ile, ila tunaitoa ikiwa imechelewa.

Kadi iliyowahi kuwafaa watoto hasa ni Toto Afya Kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF). Mzazi alikuwa akilipa Sh 50,400 kwa mwaka kwa mtoto mmoja wa chini ya miaka 18. Kwa hesabu ya nyumbani hiyo ni Sh 4,200 kwa mwezi, au Sh 140 kwa siku. Kwa kadi hiyo mtoto wa mkulima wa Nyakahura alitibiwa kama mtoto wa mwalimu au wa bwana shamba, ambaye ameingia katika Mfuko kwa makato ya mshahara wa baba yake, na rufaa yake iliweza kufika mpaka Bugando, Mwanza, na Muhimbili, Dar es Salaam. Wenye watoto wa moyo na wa selimundu waliipenda kadi hii kwa sababu ambazo hazihitaji kuelezwa.

Mwezi Machi 2023 Mfuko ulisitisha kumsajili mtoto mmoja mmoja kwa utaratibu huo, ukaelekeza kwamba watoto wasajiliwe kupitia shule zao, au waingie pamoja na wazazi katika vifurushi vya familia. Kelele zilikuwa nyingi. Walio na watoto wagonjwa walilia, na walikuwa na haki ya kulia. Lakini maelezo ya Mfuko nayo yanastahili kusikilizwa, kwani yanatuhusu sisi wazazi moja kwa moja: kwa sehemu kubwa, waliokuja kukata kadi walikuwa ni wale ambao watoto wao walikwisha kuugua. Mzazi mwenye watoto watano humkatia yule mmoja anayeumwa, na wanne walio wazima anawaacha. Michango ikawa haifikii hata karibu ya gharama.

Hebu tuliangalie jambo hili kwa mfano tunaoujua. Chama cha kuzikana kina wanachama mia moja. Kila mwezi kila mmoja hutoa kidogo. Akifiwa mmoja, sanda, jeneza na chakula vinapatikana. Sasa chukulia kwamba watu wameruhusiwa kujiunga siku wanayofiwa. Nani atatoa katika miezi ya kabla? Chama hicho hakitamaliza mwaka, na hakitavunjwa na wizi wala uzembe wa viongozi. Kitavunjwa na wanachama wake wenyewe. Toto Afya Kadi ilipatwa na msiba wa namna hiyo. Ndiyo maana Mfuko ukakimbilia shuleni: katika darasa la watoto 60 wapo wagonjwa wachache na wazima wengi, na wazima huwabeba wagonjwa.

Tatizo ni kwamba njia ya shule, kwa wilaya zetu, ina vikwazo. Shule ya msingi ya kijijini, ambako kukusanya mchango wa chakula tu huchukua vikao vitatu, haiwezi kirahisi kukusanya Sh 50,400 kwa kila mwanafunzi. Mwenye watoto wanne wa shule anatakiwa Sh 201,600 kwa pamoja, na hizo, kwa mtu anayeuza maharage ya msimu mmoja, ni fedha za mwaka. Kisha kuna watoto ambao shule haiwaoni kabisa: aliyeacha darasa la sita akachunga ng'ombe, binti anayeuza vitumbua pale njia panda ya Nyakanazi, kijana anayesukuma mikokoteni ya mizigo Rusumo au Kabanga mpakani. Hao nao ni watoto. Wengine tunawaona jioni katika madrasa zetu.

Kwa kaya kama hizo, mlango uliobaki wazi mwanzoni mwa mwaka 2024 ulikuwa Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, yaani CHF iliyoboreshwa. Mfuko huu una historia ndefu: majaribio yake yalianza Igunga mwaka 1996, sheria yake ikatungwa mwaka 2001, na wazee watakumbuka ile “tele kwa tele”, ambapo Serikali iliongeza kiasi sawa na kile ambacho wananchi wamechanga. Wapo waliokata kadi ya zamani, wakaona inaishia ndani ya wilaya, wakakata tamaa. Iliyoboreshwa imepanuliwa: mwaka 2024 kaya ya watu wasiozidi sita ilikuwa ikilipa Sh 30,000 kwa mwaka, na kwa rufaa ilipanda kutoka zahanati hadi kituo cha afya, hospitali ya wilaya na hospitali ya rufaa ya mkoa. Gawanya mwenyewe: Sh 2,500 kwa mwezi kwa nyumba nzima.

Sitaki kuipamba. Kadi ya CHF haifiki Bugando. Mtoto anayehitaji upasuaji wa moyo haitamsaidia kwa upasuaji huo. Wenye kadi hulalamika pia kwamba hufika dirishani wakaambiwa dawa hakuna, na malalamiko hayo tumeyasikia mara nyingi mno kiasi cha kutoweza kuyaita uzushi. Vilevile wilaya zetu zina hali yake: hospitali zilizobeba mzigo wa matibabu hapa kwa miongo mingi ni za makanisa, kama Murgwanza ya Waanglikana na Rulenge ya Wakatoliki kule Ngara, na hospitali teule ya Biharamulo iliyo chini ya jimbo la Rulenge-Ngara. Waislamu tumetibiwa humo, tumezaliwa humo, na shukrani kwa mtu ni katika dini. Ila kila hospitali isiyo ya Serikali hupokea kadi kwa mkataba wake, kwa hiyo mzazi na aulize mapema ni huduma zipi zinapokelewa kwa kadi ipi, asingoje kuuliza akiwa amembeba mtoto mgongoni.

Pamoja na kasoro hizo, magonjwa yanayowapeleka watoto wetu wodini mara nyingi ni yale ambayo zahanati na hospitali ya wilaya huyamudu: malaria kali, kichomi, kuhara, upungufu wa damu, jeraha. Mzazi mwenye kadi huja siku ya kwanza ya homa. Asiye nayo hununua vidonge viwili dukani, akangoja, akajaribu mitishamba, akaja siku ya nne mtoto ameshaanza degedege. Tofauti ya siku hizo tatu ndiyo, kwa maoni yangu, faida kubwa kuliko zote za kadi, na haiandikwi popote katika vipeperushi.

Hapa huinuka swali ambalo haliwezi kurukwa katika gazeti hili: je, bima ni halali? Wapo wazazi wema wanaojizuia kwa sababu ya swali hili tu, na hawafai kudharauliwa. Wanazuoni wa zama zetu wameliangalia kwa kina. Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha Desemba 1985, liliikataza bima ya kibiashara yenye malipo maalumu kwa sababu ya gharari kubwa iliyomo, na likairuhusu bima ya ushirikiano iliyosimama juu ya msingi wa kujitolea na kusaidiana. Mfuko wa umma ambao haukuanzishwa kumtajirisha mwenye hisa, ambao mimi mzima nachanga ili mwanao mgonjwa atibiwe, kwa ufahamu wangu uko karibu zaidi na hili la pili. Mwenye shaka na amuulize sheikh wake. Lakini na amuulize sasa, mtoto akiwa anacheza nje.

Mfano wa jambo hili umo katika Sunna. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari (r.a.), Mtume (S.A.W.) aliwasifu watu wa kabila la Ash'ari kwa desturi yao: chakula kikiwapungukia vitani au nyumbani, walikusanya kila walichonacho katika nguo moja, kisha wakagawana sawasawa kwa chombo kimoja. Akajinasibisha nao. Na aya ya pili ya Suratul-Maida inatuamrisha kusaidiana katika wema na uchamungu. Nguo ile moja iliyotandikwa chini ni mfuko. Na waliotia ndani yake hawakuwa wote na njaa ya kiasi kimoja.

Nije katika nyumba zetu, kwa kuwa ukurasa huu ni wa familia. Kadi ya CHF inahesabu watu sita. Nyumba nyingi za Waislamu wa hapa hazihesabiki hivyo. Mume mwenye wake wawili hukata kadi moja, akaandikisha nyumba aliyolala usiku ule, na nyumba ya pili ikabaki na ahadi. Ndugu yangu, nyumba mbili ni kaya mbili na kadi mbili. Uadilifu tulioamrishwa hauishii katika zamu na vitenge. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wametaja ujira wa tabibu na thamani ya dawa ndani ya nafaka ya mtoto juu ya baba yake. Kadi ya mtoto basi ni sehemu ya nafaka, kama unga na daftari la shule, na mtoto wa bibi mkubwa na wa bibi mdogo wana haki moja.

Kesi ngumu zaidi ni ya talaka. Mama karudi kwao Ngara na watoto watatu, baba yuko Biharamulo ameoa tena na ameandikisha kaya yake mpya. Watoto wale hawamo katika kadi ya baba, na bibi anayewalea hana Sh 30,000. Masheikh wetu wanapokaa kusuluhisha talaka huandika eda, huandika mahari iliyobaki, huandika fedha ya chakula. Naomba waongeze mstari mmoja: nani atakata kadi ya watoto, na lini. Mstari huo utapunguza kesi nyingi za mwaka unaofuata.

Kisha mayatima. Imekuwa desturi kuwapa mayatima nguo mbili, ya Idi mosi na ya Idi ya kuchinja, na picha zikapigwa. Kheri ni kheri. Lakini nguo ya Idi huchanika kabla ya Idi nyingine, na kadi hudumu mwaka. Ramadhani inapokaribia, kamati nyingi hukaa kupanga zaka na sadaka; naziomba ziweke katika ajenda fungu la kadi za kaya za mayatima na mafakiri. Kuhusu zaka yenyewe kuna uangalifu: wanazuoni wengi wanashurutisha kwamba mali ya zaka imilikishwe fakiri, hivyo iliyo salama ni kumkabidhi mlezi fedha mkononi, akalipe mwenyewe, au kamati ilipe kwa idhini yake ya wazi. Sadaka ya kawaida haina mkazo huo. Msikiti wenye kibanda cha kupangisha au shamba la wakfu unaweza kutenga sehemu ya pato lake kila mwaka, na hiyo ingekuwa imara kuliko bakuli la Ijumaa.

Yupo atakayesema: kwa nini tujisumbue, na sheria ya bima ya afya kwa wote imekwisha kupita? Ni kweli Bunge liliipitisha Novemba 2, 2023, na kabla ya mwaka huo kumalizika Rais Samia Suluhu Hassan alikwisha kuitia saini. Katika mjadala wake Serikali ilitaja kwamba wasio na uwezo watalipiwa kutoka vyanzo kama ushuru wa vinywaji baridi, vipodozi na vileo. (Hilo la vileo limezua maswali misikitini, na ni vizuri masheikh walizungumze kwa elimu badala ya kuachia vijiwe.) Lakini kati ya saini ya Rais na kadi mkononi mwa mtoto wa Rulenge kuna daftari la wasio na uwezo, na mtendaji wa kijiji anayeliandika daftari hilo. Msimu wa mvua za masika hausubiri daftari. Na hata sheria hiyo ikianza kufanya kazi kikamilifu, fakiri ambaye hakutambuliwa na kijiji chake hatalipiwa. Hivyo wazee wa misikiti wahudhurie mikutano ya kijiji siku majina yanapotajwa, waseme: yule mjane naye, na wale wanaolelewa na bibi yao.

Katika hilo hilo la daftari, wazazi walio karibu na mpaka wa Burundi na wa Rwanda wana zaidi ya kuangalia. Usajili wa watoto katika bima huja na sharti la cheti cha kuzaliwa, na katika vijiji vya mpakani mtoto asiye na cheti huulizwa maswali mengi kuliko mtoto wa Biharamulo mjini. Mtoto wa chini ya miaka mitano husajiliwa bure, kituoni alikozaliwa au ofisi ya kata. Cheti kikatwe akiwa bado na msamaha, ili siku msamaha unapokwisha karatasi iwepo.

Kwa upande wetu tumeona njia iliyo nyepesi ni kumleta afisa uandikishaji msikitini badala ya kuwapeleka waumini kwake mmoja mmoja. Kila kijiji kina wake. Huandikisha kwa simu na hupiga picha za wanakaya papo hapo. Tumemwomba mwenyekiti wa kijiji, naye hakuona ubaya, na tumekubaliana kwamba majirani wasio Waislamu wakaribishwe pia, kwani nguo ile moja ikiwa pana ndipo inapotosha. Wanaoweza kulipa kwa mara moja watalipa. Wasioweza wameanza kuweka Sh 600 kila Ijumaa kwa mweka hazina. Wiki 50 zinatosha, na anayeuza maharage au kahawa katikati ya mwaka humalizia kwa mkupuo. Hakuna anayesubiri mpaka aumwe: kamati inalipa pale jina linapofikia zamu yake, kwa mzunguko kama wa upatu, na aliyelipiwa anaendelea kuchanga mpaka jirani yake naye apate.

Uandikishaji utafanyika Ijumaa ya pili ya Ramadhani baada ya sala, barazani upande wa wanawake ili akina mama wasibanwe. Kila mkuu wa kaya aje na majina kamili na tarehe za kuzaliwa za watu wake, vyeti vya watoto kwa walio navyo, na namba ya simu inayofanya kazi. Mwenye wake wawili aje na orodha mbili. Mwenye watoto saba asione haya kuja mapema, maana huyo aliyezidi sita ndiye tutakayeanza kumtafutia njia.